Maswali Yenu: Malengo ya Dunia Yana Nguvu Gani?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa New York mwaka 2015, pamoja na benki, mifuko na mashirika yanayoyatumia kupima kazi na kugawa fedha. Tumejibu saba. La maji na la kuhamishwa tumeyapa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu huko kosa dogo la kuhesabu, au siku chache za kuchelewa, humgusa mtu nyumbani kwake.

Nafundisha uraia. Wanafunzi wananiuliza: nchi isipotimiza Malengo haya inaadhibiwa na nani? Na kama haiadhibiwi, ya nini kuyasoma?
*Mwalimu wa sekondari*

Haiadhibiwi na yeyote. Azimio namba 70/1 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 25 Septemba 2015, ni ahadi ya kisiasa ya nchi 193. Si mkataba, haliridhiwi na bunge, wala hakuna mahakama inayolisimamia. Hata ripoti ambazo nchi huwasilisha kila Julai mbele ya Jukwaa la Ngazi ya Juu la Kisiasa ni za hiari, na jina lenyewe linasema: Mapitio ya Hiari ya Kitaifa. Nchi 22 zilianza mwaka 2016, na leo zilizobaki bila kuwasilisha hata mara moja ni chache mno. Serikali hujiandikia ripoti, hupewa dakika chache za kuieleza, huulizwa maswali machache, kikao kikaendelea.

Wape wanafunzi Itifaki ya Montreal ya 1987 kama kilinganishi. Ile ilizitaja kwa majina kemikali zinazokula tabaka la ozoni, ikaweka ratiba ya kuzipunguza, ikawazuia wanachama kufanya biashara ya kemikali hizo na nchi zilizokaa nje ya itifaki, na ikazipa nchi zinazoendelea muhula wa ziada wa miaka 10. Tangu mwaka 1991 ina mfuko wake unaolipia gharama za viwanda kubadili mitambo. Imeridhiwa na nchi zote za dunia. Malengo ya Maendeleo Endelevu hayana orodha ya namna hiyo, hayana kikwazo cha biashara, na hayana fungu lake la fedha.

Hata hivyo, anayesema hayana nguvu kabisa amekosea. Nguvu yake hupita mlango wa nyuma. Chini ya Malengo 17 kuna shabaha 169, na chini ya shabaha kuna viashiria, yaani vipimo vyake. Baada ya mapitio ya mwaka 2020 vilikuwa 231. Kiashiria kikishaandikwa, ofisi za takwimu hubadili dodoso zao, wizara hubadili jedwali la bajeti, na mfadhili hubadili fomu ya maombi. Mara nyingine shabaha huzaa sheria kamili. Shabaha 14.6 ilitaka ruzuku zinazochochea uvuvi wa kupindukia zikome ifikapo 2020. Mwaka ulipita bila kitu, lakini tarehe ile iliwabana wajumbe wa Shirika la Biashara Duniani mpaka wakapitisha mkataba Juni 2022, nao ukaanza kutumika tarehe 15 Septemba 2025 baada ya theluthi mbili ya wanachama kuukubali. Huo sasa unabana. Unakataza ruzuku kwa uvuvi haramu, kwa samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi, na kwa uvuvi wa bahari kuu usio na msimamizi.

Mji wetu una mabomba katika zaidi ya robo tatu ya nyumba. Ripoti ya kimataifa inasema wenye maji salama hawafiki nusu. Tumeonewa wapi?
*Mjumbe wa bodi ya maji*

Hamkuonewa. Ninyi mnahesabu mabomba, ripoti inahesabu maji. Kiashiria 6.1.1, cha maji ya kunywa salama, kina masharti manne. Chanzo kiwe kimeboreshwa, yaani bomba, kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, kisima kifupi au chemchemi iliyokingwa, au maji ya mvua yaliyovunwa. Kiwe kwenye eneo la nyumba. Kitoe maji yanapohitajika. Na maji yenyewe yasiwe na vimelea vya kinyesi wala kemikali zinazopewa kipaumbele, hasa arseniki na floraidi. Kaya ikikosa hata sharti moja kati ya matatu ya mwisho, inashuka daraja. Kama chanzo kimeboreshwa, na safari ya kwenda, foleni na kurudi haizidi dakika 30, huhesabiwa kuwa na huduma ya msingi. Ikizidi dakika 30, ni huduma finyu.

Sasa hesabu yenyewe. Ni nadra kuwa na data za masharti yote kutoka kaya zilezile. Kwa hiyo mpango wa pamoja wa WHO na UNICEF, ambao ndio unaotunza kiashiria hiki, hupanga asilimia tatu: watu ambao chanzo chao kilichoboreshwa kiko nyumbani, watu ambao chanzo chao hutoa maji yanapohitajika, na watu ambao chanzo chao hakina uchafu. Kisha huchukua iliyo ndogo kuliko zote. Tuseme mji una 78, 66 na 43. Takwimu ya mji ni 43.

Tazameni matokeo yake kwenye bajeti. Mkilaza mabomba mapya, 78 inaweza kufika 85 na takwimu ya mji isisogee hata nukta. Kilichoishika chini ni ubora. Na mara nyingi ubora na upatikanaji vina ugonjwa mmoja: maji ya mgawo. Bomba likikaa bila maji, shinikizo ndani yake hushuka, maji machafu yaliyo ardhini huingia kupitia nyufa na viungio vibovu, na mgawo ukirudi uchafu huo husukumwa hadi kwenye bomba la jikoni. Ndiyo maana tungewashauri mtafute kwanza maeneo ambayo shinikizo hupotea, mzibe uvujaji wa hapo, mhakikishe klorini inabaki hadi mwisho wa mtandao, ndipo mfikirie kuongeza kilomita.

Kabla ya hayo yote, hakikisheni 43 ni 43 kweli, maana sampuli hukosewa sana. Chupa iwe tasa na yenye nafasi ya mililita 100 au zaidi. Kama maji yametiwa klorini, ndani ya chupa lazima kuwe na sodiamu thayosalfeti. Bila hiyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na maabara itawapa jibu zuri lisilo la kweli. Mkipima mtandao, fungueni bomba litiririke dakika moja au mbili kwanza. Mkitaka kujua mtu anakunywa nini, chukueni maji kutoka chombo chake, kwa kikombe chake, bila kusafisha chochote. Tofauti ya majibu hayo mawili huonyesha uchafu unaoingia nyumbani na hautokani na bomba. Sampuli ikae kwenye ubaridi na giza, ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na isipite 24. Kinachokubalika ni sifuri ya bakteria aina ya E. koli katika mililita 100. Msichukue sampuli kwenye matangi pekee, wala siku za mgawo pekee: saa za mwanzo baada ya maji kurudi ndizo chafu kuliko zote, na ndizo zinazorukwa.

Na kwa nini kipimo kimekuwa kigumu hivi? Kwa sababu kile cha kwanza kilitudanganya wote. Malengo ya Milenia, yaliyoyatangulia haya, yalitaka uwiano wa watu wasio na maji safi upungue kwa nusu, na mwaka 2012 dunia ikatangaziwa kwamba shabaha ilikuwa imefikiwa tangu 2010. Kilichohesabiwa kilikuwa aina ya chanzo tu; hakuna aliyepima maji yenyewe kwa kiwango cha dunia. Kipimo kipya kilipotumika, watu wapatao bilioni 2.2 walionekana bado hawana maji yanayosimamiwa kwa usalama mwaka 2022. Mabomba hayakuvunjika katikati hapo. Swali ndilo lililobadilika, na sisi tunaona lilibadilika kwa haki.

Mstari wa umaskini ulikuwa dola 1.25 kwa siku, ukawa 1.90, ukawa 2.15, sasa nasoma 3. Umaskini unaongezeka, au?
*Mwanafunzi wa uchumi*

Kupanda kwa mstari peke yake hakuthibitishi hilo. Shabaha 1.1 iliandikwa na 1.25, Benki ya Dunia, inayotunza kiashiria hicho, ikausogeza Oktoba 2015, Septemba 2022 na Juni 2025. Mstari huu hutokana na mistari ya kitaifa ya nchi zenye kipato cha chini kabisa. Nchi hizo zikipima matumizi ya kaya kwa makini zaidi na kurekebisha mistari yao, au bei za kulinganisha zikipatikana upya, nao husogea. Kila mmoja una mwaka wake wa bei: 2005, 2011, 2017 na 2021.

Makosa mawili tunayakuta kila mara. Mtu anageuza dola 3 kwa kiwango cha benki cha siku hiyo, wakati hizi ni dola za uwezo wa kununua, na hugeuzwa kwa kipimo cha bei za nchi husika. Mwingine anachukua asilimia kutoka ripoti ya 2019 na nyingine kutoka ripoti ya 2025 na kuchora mstari kati yake. Usifanye hivyo. Fungua mfululizo mpya wa takwimu za Benki na usome miaka yote humo, kwa sababu Benki huhesabu upya hata miaka ya nyuma.

Andiko letu la mradi lilirudishwa. Tulionyesha kwamba unagusa Malengo 11 kati ya 17 na tukaweka alama zake zote. Mfadhili anasema "uhusiano na Malengo hauko wazi". Uwazi gani tena?
*Katibu wa asasi ya kiraia*

Alama 11 ndizo zilizouondoa uwazi. Msomaji wa andiko anatafuta shabaha moja ambayo mko tayari kuhukumiwa nayo.

Anzeni kwa kuandika tatizo katika sentensi mbili bila kutaja Lengo lolote. Kisha shukeni kwenye orodha ya shabaha, si ya Malengo, mchague moja kuu na pengine moja ya kusaidia. Someni maelezo ya kitaalamu ya kiashiria chake: nani anahesabiwa, wa umri gani, kwa kipindi gani, na idadi hiyo inagawanywa kwa nini. Hapo ndipo maandiko mengi hubomoka. Mradi wa kusoma na kuandika, kwa mfano, hudai kuchangia 4.1 kisha hupima watoto walioandikishwa. Kuandikishwa kulikuwa kipimo cha enzi ya Milenia. Kiashiria 4.1.1 kinauliza sehemu ya watoto waliofikia kiwango cha chini cha umahiri katika kusoma na hisabati, katika hatua tatu: darasa la pili au la tatu, mwisho wa msingi, na mwisho wa sekondari ya chini. Darasa linaweza kujaa huku kiashiria kikishuka.

Mradi mdogo hauwezi kusogeza takwimu ya taifa, na msiahidi hivyo. Tumieni fasili ileile kwa watu wenu: waliofikia kiwango, gawanya kwa wote waliostahili kufikiwa, si kwa waliohudhuria hadi mwisho. Mkigawanya kwa waliobaki, walioacha njiani wanafutika na mradi unaonekana umefaulu kuliko ulivyofaulu. Takwimu za awali zikusanywe kabla kazi haijaanza, msimu uleule na kwa dodoso lilelile mtakalorudia mwishoni. Mkitaka kuchambua kwa jinsia, umri na ulemavu, hesabuni sampuli mapema. Watu 60 mkiwagawa makundi sita, kila kundi lina watu 10, na mtu mmoja akibadili jibu asilimia inaruka kwa 10. Takwimu ya namna hiyo haiwezi kubeba dai lolote.

Kitu kingine ambacho wasomaji wazuri wa maandiko hukitafuta ni kama mmeona pale shabaha zinapogongana. Mwaka 2016 mtafiti Måns Nilsson na wenzake walipendekeza mizani ya alama saba, kuanzia −3, pale shabaha moja inapoifuta nyingine, kupitia 0, hadi +3, pale mbili zisipoweza kutenganishwa. Chukueni pampu za umwagiliaji za nguvu ya jua. Kwa shabaha 2.3, mavuno na kipato cha mkulima mdogo, mnaweza kuzipa +2. Kwa 7.2, nishati jadidifu, +1. Kwa 6.4, matumizi endelevu ya maji, zinaweza kuwa −2 pale maji ya ardhini yanapojaa polepole. Sababu iko wazi: mwenye pampu ya dizeli huizima kwa kuogopa gharama, lakini jua halina ankara. Kuongeza umwagiliaji wa matone hakutoshi, kwa kuwa maji yaliyookolewa hupelekwa kwenye shamba lililopanuliwa. Andikeni basi mtakachofanya: mita kwenye kila pampu, ukomo wa ukubwa wa pampu, na kisima cha uangalizi kinachopimwa kina chake kila mwezi, pamoja na kina ambacho kikifikiwa saa za kusukuma maji zinapunguzwa. Ukurasa mmoja wa namna hiyo una thamani kuliko alama zote 17.

Kuhusu alama zenyewe: Umoja wa Mataifa unaruhusu zitumike kwa kutoa taarifa bila kuomba kibali. Kwa kuchangisha fedha au kwa biashara, kibali cha maandishi kinahitajika kwanza.

Tumesikia kuna Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wenye mabilioni. Kikundi chetu cha upandaji mikoko kinaombaje? Na kwa nini fedha za namna hii hazifiki chini?
*Mwenyekiti wa kikundi*

Kikundi hakiwezi kuomba moja kwa moja. Mfuko huo, ulioundwa mwaka 2010 na wenye makao yake Songdo, Korea Kusini, hupitisha fedha kwa taasisi zilizoidhinishwa pekee: benki za maendeleo, mashirika ya Umoja wa Mataifa, na baadhi ya taasisi za kitaifa. Njia ni hii. Tafuteni mamlaka teule ya nchi yenu, yaani ofisi inayoiwakilisha nchi kwa Mfuko, ambayo mara nyingi iko katika wizara ya fedha au ya mazingira. Iulizeni ni taasisi zipi zilizoidhinishwa zinaandaa mradi wa pwani, kisha mwingie humo kama watekelezaji. Taasisi hiyo huandika andiko la awali, mamlaka hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi, sekretarieti hupitia, jopo huru la wataalamu hupitia, ndipo bodi huamua. Hapo katikati miaka inaweza kupita. Mradi wa mikoko unaosubiri msimu hauwezi kusubiri hivyo.

Kwa ukubwa wenu, mlango unaofaa ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, inayoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Hiyo hutoa ruzuku kwa vikundi vya jamii na asasi moja kwa moja, na kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 50,000. Kila nchi inayoshiriki ina mratibu na kamati ya kitaifa inayoamua. Mtahitaji usajili, akaunti ya benki, na maelezo ya mchango wenu, ambao unaweza kuwa nguvu kazi na vifaa. Kwa mikoko, elezeni miche mingapi inatarajiwa kuwa hai baada ya miaka miwili, si mingapi itapandwa. Miradi mingi hupanda kwenye tope lililo chini mno, linalofunikwa na maji muda mrefu kupita kiasi, na miche hufa. Mara nyingi kurudisha njia za maji kujaa na kupwa kunatosha, mbegu zikaja zenyewe.

Swali lenu la pili ni la muundo. Tangu mwaka 1970 Baraza Kuu limezitaka nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato la taifa kama msaada, na ni chache tu zilizowahi kufika. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa kura hufuata hisa: Marekani ina takriban asilimia 16.5, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85, kwa hiyo peke yake inaweza kuyazuia. Agosti 2021 shirika hilo lilitoa haki maalumu za fedha, yaani akiba ambayo shirika huwagawia wanachama wake, zenye thamani ya dola bilioni 650 ili kusaidia nchi kuvuka janga la korona. Ziligawanywa kwa hisa hizohizo. Nchi zote za Afrika kwa pamoja zilipata karibu bilioni 33. Hakukuwa na wizi wala ujanja hapo. Kanuni ilifuatwa neno kwa neno, na kanuni hiyo ndiyo inayohitaji kubadilishwa.

Barabara inayofadhiliwa na Benki ya Dunia itapita kwenye nyumba zetu. Tumeambiwa tutalipwa "baadaye", na wasio na hati hawatalipwa kabisa. Tunaweza kumlalamikia nani?
*Wakazi, kwa barua ya pamoja*

Kwanza mjue kilichoandikwa. Tangu Oktoba 2018 miradi mipya ya uwekezaji ya Benki hiyo hufuata viwango kumi vya mazingira na jamii. Kiwango cha tano ndicho cha ardhi na kuhamishwa. Kinataka fidia iwe ya gharama ya kupata mbadala, yaani kiasi kinachotosha kujenga au kununua kingine cha namna ileile pamoja na gharama za kuhama, bila kukatwa uchakavu. Kinataka ilipwe kabla ya nyumba au ardhi kuchukuliwa, isipokuwa katika mazingira maalumu. Na asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi anastahili fidia ya nyumba na mali nyingine alizoziweka hapo, pamoja na msaada wa kuhamia kwingine. Anayekosa ni aliyeingia baada ya tarehe ya ukomo iliyotangazwa. Kwa hiyo ulizeni tarehe hiyo leo, kwa maandishi, na mhakikishe kila kaya iliyokuwepo imo kwenye orodha ya sensa. Picha za nyumba zenye tarehe, risiti za umeme, na ushahidi wa majirani vihifadhiwe.

Hatua ya kwanza ni dawati la malalamiko la mradi wenyewe. Kila mradi lazima uwe nalo. Andikeni, mpate nakala yenye muhuri au namba. Sambamba, iandikieni ofisi ya Benki nchini. Barua hizi ni muhimu hata kama hazijibiwi, kwa sababu hatua inayofuata inahitaji uthibitisho kwamba menejimenti ya Benki ilijulishwa kwanza.

Hatua hiyo ni Paneli ya Ukaguzi, chombo huru kilichoundwa mwaka 1993 baada ya mradi wa bwawa la Sardar Sarovar kwenye mto Narmada, India, ambako tume huru ilikuta Benki imekiuka sera zake yenyewe kuhusu watu waliohamishwa. Wanaoweza kulalamika ni watu wawili au zaidi walioathirika au watakaoathirika, au mwakilishi wao. Barua inaweza kuandikwa kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo. Itaje mradi, madhara, mlichokwisha kufanya na majibu mliyopata. Mnaweza kuomba majina yenu yawe siri. Msingoje sana: lalamiko likija zaidi ya miezi 15 baada ya mradi kufungwa, halipokelewi.

Mambo ambayo huwavunja watu moyo ni vizuri myajue mapema. Paneli inaichunguza Benki, haimchunguzi mkandarasi wala serikali. Haitoi fidia kwa mkono wake. Hutoa matokeo, na Benki hulazimika kuandaa mpango wa kurekebisha. Tangu 2020, uchunguzi ukishaidhinishwa mnaweza kuchagua usuluhishi kati yenu na serikali badala yake, pande zote mbili zikikubali. Na kama mkopo umetoka IFC, tawi la Benki linalokopesha kampuni binafsi, Paneli si mahali penu; mwende kwa ofisi ya mshauri na mkaguzi wa uzingatiaji, CAO. Benki ya Maendeleo ya Afrika na ile ya Asia kila moja ina chombo chake. Hivyo kazi ya kwanza kabisa ni kujua jina la mkopeshaji. Litafuteni kwenye bango la mradi.

Mwaka 2030 ukifika, kisha nini?
*Msomaji*

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikuta asilimia 17 tu ya shabaha zinazopimika ndizo zilizokuwa kwenye mwendo wa kufikiwa, na zaidi ya theluthi zimekwama au kurudi nyuma. Mkataba wa Mustakabali wa Umoja wa Mataifa wa Septemba 2024 umelipa Jukwaa la Ngazi ya Juu la Septemba 2027 kazi ya kujadili maendeleo endelevu hadi 2030 na baada yake. Mazungumzo ya kweli yanaanzia hapo.

Safari iliyopita kikundi kazi cha kuandaa Malengo, kilichoongozwa na Kenya na Hungary, kilikaa kuanzia Machi 2013 hadi Julai 2014, na asasi nyingi zilikuwepo, zikahakikisha maneno yao yameingia. Kisha Septemba 2015 watu wakapiga makofi, wakarudi nyumbani. Viashiria viliandikwa baada ya hapo, na wataalamu wa takwimu, vikapitishwa na Baraza Kuu Julai 2017 mbele ya wasikilizaji wachache sana. Neno "kwenye eneo la nyumba" katika kiashiria cha maji, na "umahiri" katika kile cha elimu, yaliamuliwa kwenye meza hiyo. Kama asasi yenu ina bajeti ya safari moja tu katika mchakato ujao, itunzeni kwa ajili ya vikao vya takwimu.